Nani Mrithi wa Kasha la Vitabu?

Tuseme zumbe (chifu) mmoja wa upande wa Korogwe amefariki dunia. Ameacha mke, watoto wawili wa kiume, binti mmoja na kasha lenye vitabu 40. Gharama za mazishi zimeondolewa, madeni yamelipwa, wasia umetekelezwa. Mwalimu aliyeitwa kugawa mirathi anaketi mkekani na kupiga hesabu. Mke anapata thumni kwa kuwa marehemu ameacha watoto, yaani vitabu 5. Vinabaki 35, navyo vinapigwa mafungu matano: kila mtoto wa kiume mafungu mawili, binti fungu moja. Wavulana wanachukua vitabu 14 kila mmoja, dada yao anachukua 7. Hesabu imetoka kamili, na hakuna aliyedhulumiwa.

Ila maktaba imekufa.

Katika vitabu hivyo 40, 30 ni juzuu za msahafu mmoja, zile zinazojaladiwa moja moja ili watu wakikutana kwenye hitima kila mtu ashike yake na Kurani isomwe nzima kwa kikao kimoja. Zikikaa pamoja, zinatosha kumsomea marehemu na wote waliomtangulia. Zikitawanyika, nyingine Handeni, nyingine Korogwe mjini, nyingine Dar es Salaam, kila mrithi anabaki na kipande ambacho peke yake hakimalizi hitima. Kumi vilivyosalia ni vitabu vya fikihi ambavyo marehemu alivijaza maelezo pembeni kwa mkono wake, Maulidi ya Barzanji, kitabu cha falaki, tenzi zilizonakiliwa kwa herufi za Kiarabu, na daftari ambalo babu yake alianza kuandikia tarehe za kuzaliwa watoto wa ukoo. Daftari hilo liingie fungu la nani?

Zumbe huyu ni wa mfano tu. Swali lake ni la kweli, na ni la dini kabla ya kuwa la mahakama: mtu anaweza kurithi kitabu kama anavyorithi shamba na ng'ombe? Au kitabu ni kitu kinachopita mikononi mwa warithi bila kuwa mali ya yeyote kati yao?

Nchi hii ya Wasambaa, Wazigua na Wabondei ina haki ya kuuliza swali hilo, kwa sababu maandishi yaliingia katika nyumba za watawala wake mapema. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipopanda milima hadi Vuga mwaka 1848, aliwakuta Waislamu wa pwani wamekwisha pata nafasi karibu na Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa ukoo wa Wakilindi. Kimweri alifariki mwaka 1862. Mwanawe Semboja akaushika mji wa Mazinde, ambao leo umo katika wilaya ya Korogwe, pale chini ya milima palipopita misafara ya pembe na watumwa. Semboja alitawala kwa bunduki na kwa biashara ya njia, na mtawala wa namna hiyo hawezi kuishi bila barua. Anahitaji mtu wa kuandika na mtu wa kusoma kinacholetwa kutoka Pangani, Tanga na Unguja.

Mmoja wa watu wa pwani waliokaa naye alikuwa Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy. Hakuwa Mkilindi wala Msambaa. Lakini ndiye aliyekaa na wazee, akasikiliza, akayaandika masimulizi ya ukoo huo kwa Kiswahili katika kitabu cha Habari za Wakilindi. Kilichapwa kwa sehemu na wamisionari wa UMCA huko Magila, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. J. W. T. Allen akakihariri upya katika miaka ya 1960, na leo hakuna mwanahistoria anayeigusa Usambara bila kukipitia.

Masimulizi ya kitabu hicho yanaanza na ugomvi wa mirathi. Mbegha, mwanzilishi wa ukoo huo, alizaliwa katika milima ya Nguu, ambayo zamani ilihesabiwa upande wa Handeni na tangu 2002 imo katika wilaya ya Kilindi. Alikuwa kigego, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, na kwa mila ya wakati ule mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa nuksi. Wazazi wake walimficha na kumlea. Walipokufa, ndugu walimnyima haki yake kwa hoja kwamba kigego harithi. Akatoka na mbwa wake na silaha zake za kuwindia, akaingia porini, akafika Usambara, akawagawia watu nyama ya nguruwe pori, akawaamulia kesi, akaua simba, na mwisho Vuga ikamfanya mfalme.

Kwa hiyo aliyenyimwa mirathi ndiye aliyeacha jina, na ndugu waliogawana mali ya baba hakuna anayewataja. Jina hilo nalo limehifadhiwa na kalamu ya mtu wa nje ya ukoo. Hapa kuna jambo la kuzingatia kwa yeyote anayedhani damu pekee inatosha kumfanya mtu mrithi wa habari za wazee wake.

Waislamu wanafundishwa kwamba wanazuoni ndio warithi wa manabii, na kwamba manabii hawakuacha dinari wala dirhamu, bali waliacha elimu. Atakayeichukua amepata fungu kubwa. Mafundisho haya yanatenganisha aina mbili za urithi. Ule wa kwanza una mafungu yaliyopangwa na Mwenyezi Mungu mwenyewe: nusu, robo, thumni, theluthi mbili, theluthi, sudusi. Unamfikia mtu hata akiwa amelala. Wa pili hauna fungu lolote la lazima. Mtoto wa sheikh hapati hata herufi moja kwa kuwa ni mtoto wa sheikh.

Imamu Ghazali anasimuliwa kuwa alijifunza jambo hili njiani. Alikuwa kijana anarudi nyumbani Tus akitoka masomoni Jurjan, msafara ukavamiwa na wanyang'anyi, wakachukua kila kitu pamoja na furushi la daftari alizoandika masomo yake. Aliwafuata, akawasihi wamrudishie karatasi tu, kwa kuwa humo ndimo ilimokuwa elimu aliyoihangaikia. Mkubwa wao alicheka. Alimuuliza vipi anadai kuwa na elimu ambayo mwizi anaweza kuichukua na kumwacha mtupu. Daftari zilirudishwa, na Ghazali akatumia miaka mitatu kuyahifadhi yote kifuani.

Mnyang'anyi yule alisema kweli, na kila mwalimu wa chuoni anaijua kweli hiyo. Lakini aliisema nusu. Maana Ghazali baada ya hapo hakuacha kuandika. Aliandika vitabu vingi hadi vikafika kwenye makasha ya Lamu, Unguja na Tanga, mahali ambapo kifua chake kisingefika kamwe.

Handeni ina ushahidi wake juu ya hoja ya kifua. Katika miaka ya 1830 njaa kali iliipiga Uzigua. Watu wengi walichukuliwa au walijiuza kwa chakula, wakasafirishwa kwa majahazi hadi pwani ya Benadir, Somalia ya leo, wakafanywa watumwa wa mashambani. Baadaye kundi lao lilitoroka likaingia kwenye misitu ya Mto Juba. Masimulizi yao yanamtaja mwanamke aliyewaongoza, Wanankhucha, mwenye kipaji cha kuona mambo ya mbele. Walikaa huko vizazi na vizazi. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991 na vita vikawafikia, baadhi yao walivuka bahari kurudi Tanzania, wakapokewa Handeni na kupewa makazi Chogo. Walifika wakizungumza Kizigua.

Zaidi ya miaka 150 ilikuwa imepita. Hawakuwa na kasha wala kitabu cha ukoo. Walikuwa na lugha, majina, nyimbo na habari ya Wanankhucha, wakasikilizana na wenyeji. Wengi wao sasa ni raia wa Tanzania. Anayesema kwamba bila maandishi hakuna urithi, aende Chogo akazungumze na wazee.

Hata hivyo watu wa Chogo wenyewe wanaonyesha kilichoifanya kumbukumbu yao idumu: ilitumiwa kila siku. Mama alimwimbia mtoto, mzee alimsimulia kijana, watu waligombana na kupatana kwa lugha hiyo. Hapo ndipo kifua na kasha vinapokutana. Habari isiyosimuliwa hufa katika kizazi kimoja. Kitabu kisichofunguliwa huchukua muda mrefu zaidi tu kufa, na ndiyo sababu watu hudhani kiko salama.

Yafaa kukitazama kitabu cha namna hiyo kwa karibu. Karatasi yake ni nene, ya kuletwa kutoka ng'ambo, imegeuka rangi ya chai. Maandishi ni ya wino mweusi, na vichwa vya milango vimetiwa wino mwekundu. Chini ya ukurasa, kwenye kona, kuna neno moja limeandikwa kwa mshazari peke yake. Hilo ndilo neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Mwandishi aliliweka ili karatasi zikichopoka mtu aweze kuzirudisha mahali pake bila kukosea. Kwenye ukurasa wa mwisho mnakili anataja jina lake na la baba yake, anajiita mja mwenye dhambi, anaomba msamaha kwa makosa ya mkono, na anamtaka msomaji amwombee dua. Mtu huyo aliandika akijua atakufa, na akijua kitabu kitafika mikononi mwa asiyemjua. Aliweka alama ya kumwongoza msomaji huyo na ombi linalomwelekea. Mchwa wanapokula ukurasa ule wa mwisho, wanakula haki ya maiti ya kuombewa.

Fikihi haikuliacha jambo hili bila njia. Sayyidna Umar alipopata ardhi Khaibar alimwendea Mtume kutaka ushauri, naye akamwelekeza azuie asili yake na kutoa sadaka matunda yake. Ardhi ile ikawa haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi. Huo ndio msingi wa wakfu. Wanazuoni walijadiliana sana kama vitu vinavyohamishika vinaweza kuwekwa wakfu, na madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya pwani yetu, inakubali maadamu kitu kinatumika bila kuteketea. Kitabu kinaingia hapo moja kwa moja. Husomwa na watu mia na bado kipo.

Kwa njia hiyo vitabu vya Msikiti wa Riyadha huko Lamu vimebaki pamoja. Vingi vilitolewa wakfu na familia na wanafunzi, na mwaka 2012 kazi ya kuvipiga picha za kidijitali iliwafungulia wasomi mlango bila kitabu kuondoka kisiwani. Mwaka huohuo, Timbuktu, familia zenye maktaba za ukoo zilipakia maelfu ya miswada kwenye masanduku ya bati na kuyasafirisha kwa siri hadi Bamako, wapiganaji walipokuwa wameshika mji. Abdel Kader Haidara, aliyesimamia kazi hiyo, alikuwa ameikuta maktaba mikononi mwa baba yake, naye baba aliirithi. Walihatarisha roho kwa ajili ya vitu ambavyo sokoni visingewapa utajiri.

Karibu zaidi na Korogwe iko nyumba ya Albuhriy ya Tanga. Hemedi bin Abdallah alitunga utenzi wa vita vya Wajerumani walipoivamia pwani, akatunga pia wa Abdirrahmani na Sufiyani na wa kufa kwake Mtume. Mwanawe, Sheikh Ali bin Hemedi, akawa kadhi wa Tanga, na huyu hakuwa mshairi wa vita. Aliandika kitabu cha Mirathi, mwongozo wa kugawa mali za marehemu kwa sheria ya Kiislamu, kikatafsiriwa kwa Kiingereza na P. E. Mitchell, ofisa wa utawala ambaye baadaye alikuja kuwa Gavana wa Kenya. Aliandika na kitabu cha Nikahi. Mwana hakuiga kazi ya baba. Alichukua kalamu ya baba akaipeleka kwenye haja ya wakati wake. Elimu hurithiwa hivyo ikirithiwa sawasawa.

Na aliyeandika juu ya mafungu ya mirathi hakuyaona mafungu hayo kuwa ndiyo mwisho wa wajibu. Sheria inayomtaka mrithi apewe chake ndiyo hiyohiyo inayoanza kwa kulipa madeni. Kitabu alichoazima marehemu si cha mirathi hata kidogo. Ni amana, kinarudi kwa mwenyewe kabla ya kugawa chochote. Basi ikiwa babu alipokea kitabu kwa mwalimu wake ili asome na kufundisha, na baba akakipokea kwa babu kwa nia hiyo, je, deni hilo limelipwa lini? Dini haimtaki mtu awe na kitabu. Inamtaka asikivunje kile alichokabidhiwa.

Wakristo wa Korogwe na Kideleko wanalikuta swali hilohilo katika maandiko yao. Mtume Paulo, akiwa kifungoni na kifo kiko karibu, anamwagiza Timotheo amletee joho alilomwachia Karpo kule Troa, na vile vitabu, hasa vya ngozi. Mtu aliyekwisha kusema mwendo ameumaliza bado anataka vitabu vyake. Na katika mfano wa talanta, mtumwa aliyehukumiwa hakuiba wala hakupoteza. Alichimba shimo akafukia. Bwana alipofika, talanta ilikuwa salama kabisa, na ndilo lililokuwa kosa lake.

Kutoka shule za UMCA kumetoka ukoo kama wa Kayamba: Hugh Peter Kayamba, mwalimu aliyesomeshwa hadi Uingereza, na mwanawe Martin Kayamba, aliyekwenda London mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge, kisha akaandika Tulivyoona na Tulivyofanya Ingereza. Kutoka huko pia ametoka Samuel Sehoza, aliyesimulia katika Mwaka katika Minyororo jinsi Wajerumani walivyowafunga walimu wa misheni wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wangapi kati ya wajukuu wa kizazi kile wana vitabu hivi nyumbani, na wangapi wamevisoma?

Ipo hoja ya upande wa pili, nayo inastahili kusikilizwa kwa heshima. Wazee wengi wa Uzigua na Usambara watasema si kila kitabu ni cha kila mtu. Yapo maandishi ya tiba, ya falaki, ya kinga ya nyumba, ambayo mwenyewe huyatoa kwa mtoto mmoja aliyemwona ana moyo wa kuyabeba. Kuyaweka hadharani ni kumpa mtoto panga. Hoja hii ina uzito, na historia inaiunga mkono kwa sehemu: elimu isiyo na adabu imeumiza watu. Lakini siri yenye mrithi ni tofauti na siri isiyo na mrithi. Mzee anayekufa bila kumchagua mtu hajailinda siri yake. Ameiua, na aliyempa hakumwambia aiue.

Hapo ndipo mabinti wanapoingia. Amri ya mwaka 1963 iliyoratibu sheria za mila za urithi nchini iliwaweka watoto wa kike daraja la tatu katika mali ya baba. Lakini kwa maandishi, historia ya Kiswahili inatoa jibu lingine. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utenzi wake mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, na kina mama na mabinti wa Lamu wakaunakili na kuuhifadhi hadi ukafika chapani karne iliyofuata. Vitabu havijawahi kumuuliza msomaji kama ni wa kiume. Katika nyumba ya zumbe wetu wa mfano, yule mwenye fungu la vitabu 7 ndiye pengine pekee anayejua kusoma herufi za Kiarabu, maana alibaki chuoni wakati kaka zake wamekwenda kutafuta kazi mjini.

Umuhimu wa mtu mmoja kama huyo unaonekana kwa Yusuf Ulenge. Kwa miaka mingi aliandikiwa barua na kaka yake, Shaaban Robert. Zilikuwa barua za kifamilia: fedha, shamba, watoto, maradhi, hamu ya kuandika. Hakuzitupa. Mwaka 2002, miaka 40 baada ya kifo cha mshairi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilizichapa kama Barua za Shaaban Robert 1931–1958. Hakuna kadhi ambaye angezihesabu katika mali ya marehemu. Leo ni hazina ya taifa kwa sababu mdogo mtu alizishika kama amana.

Jibu basi liko hivi. Karatasi ni mali, na mali ina mafungu yake. Haki ya mjane na ya binti isichezewe kwa kisingizio cha maktaba. Lakini kilichoandikwa juu ya karatasi hakikuwa mali ya marehemu, na hakiwi mali ya warithi. Wamekabidhiwa. Wanaweza kugawana makasha, hawawezi kugawana wajibu, kwa maana wajibu wa kusoma na kufikisha unamwangukia kila mmoja mzima mzima.

Kazi yenyewe si ngumu. Familia inapokutana kwa Idi, Krismasi au arobaini ya mzee, kasha lifunguliwe mbele ya wote. Kila kitabu kiandikwe kwenye orodha: jina, mnakili kama yumo, aliyekuwa nacho. Karatasi zipigwe picha kwa simu mchana, kwenye kivuli chenye mwanga wa kutosha, ukurasa kwa ukurasa pamoja na majalada na maneno ya pembeni, na picha zikae kwa watu zaidi ya wawili. Karatasi zenyewe zisibandikwe utepe wa gundi wala zisitiwe plastiki ya moto, maana zinaharibika zaidi. Kasha liinuliwe kutoka sakafuni mbali na mchwa na unyevu. Asiyeweza kusoma hati hizo amwite mwalimu wa madrasa wa karibu, na watoto wakae wasikilize. Na mzee ambaye bado yu hai aandike leo, mbele ya mashahidi, kwamba vitabu vyake ni wakfu kwa wasomaji wa ukoo na wa mji, haviuzwi wala havigawanywi, na amtaje msimamizi kwa jina. Iwapo binti ndiye msomaji, amtaje binti.